Uliza Tujibu: Printa kubwa ya picha inakula wino kuliko ndogo?

SWALI: Habari ya kazi. Niko na studio ndogo hapa Kondele, Kisumu, natoa passport na picha za familia kwa Epson L805. Sasa kuna mtu anauza Canon PRO-1000 yake, anasema wino wake ni rahisi juu katriji ni kubwa, 80 ml, na wateja wameanza kuniitisha picha za A2 za matanga. Rafiki yangu naye anasema printa kubwa zinakula wino vibaya. Nimwamini nani? (Msomaji, Kondele)

JIBU: Ndugu yangu, kila mmoja amekuambia nusu.

Tuanze na hii ya kula wino. Picha ile ile, saizi ile ile, itoke kwa printa ndogo ama kubwa, wino unaoingia kwa karatasi haupishani sana, kwa sababu kinachojazwa rangi ni eneo. A2 moja ni eneo la karibu picha 16 za inchi 4 kwa 6, kwa hivyo ukiona wino umeshuka baada ya A2 mbili tatu usilaumu mashine, kazi yenyewe ni kubwa na bei unayomwambia mteja lazima ifuate hilo eneo.

Kwa bei ya wino, usiangalie katriji ni pesa ngapi, gawa bei kwa mililita. Hapo utaona muuzaji hajadanganya, ila analinganisha na kitu ambacho wewe huna: PRO-1000 ukiiweka kando ya mdogo wake PRO-300, yenye katriji za 14.4 ml, kwa kawaida mililita ya ile kubwa inakuja chini. Lakini wewe kwa L805 yako unamwaga wino wa chupa, rangi sita, chupa 70 ml, na huo kwa mililita ni rahisi kuliko katriji za hizo Canon zote mbili. Sasa ukihamishia passport na 4 kwa 6 zako kwa mashine kubwa gharama itapanda tu.

Halafu kuna wino ambao haufiki kwa karatasi kabisa, na hapa ndio nataka ukae ufikirie kabla hujatoa pesa. PRO-1000 iko na katriji 12, zote zikijaa ni 960 ml, karibu lita nzima, na ikiwashwa ikiwa mpya sehemu nzuri ya wino inaenda kujaza mapaipu ya ndani, haujamwagika lakini pia huwezi kuuuza. Ikikaa bila kazi inajisafisha yenyewe hedi, ile sehemu inayorusha wino kwa karatasi, wino wa kusafisha unaingia kwa tangi ya wino chafu, na hiyo tangi ikijaa unanunua ingine. Studio inayotoa A2 kila siku haisikii hiyo gharama, inagawanyika kwa picha nyingi, lakini wewe ukipata matanga mbili kwa mwezi, hizo picha chache ndizo zinabeba mzigo wote wa kusafisha.

Mwambie muuzaji akufungulie Accounting Manager kwa kompyuta yake, ni programu ya Canon inayoonyesha kila kazi ilikula wino kiasi gani. Jumlisha, halafu muulize alinunua katriji ngapi muda huo huo, na zilizo ndani zimebaki kiasi gani. Tofauti utakayoona, kwa sehemu kubwa, ni wino uliosafisha hedi. Asipotaka kukuonyesha, mimi singenunua.

Kuna kitu kimoja ningeisifia hiyo mashine. Wino wake ni wa pigmenti (rangi ya chembechembe ndogo), wa L805 ni dai (dye, rangi iliyoyeyuka), na dai ikikaa penye mwanga inapauka haraka zaidi. Picha ya mzee inayotundikwa sebuleni ikiangaliana na dirisha familia itaitunza miaka na miaka, na kwa kweli si haki ianze kupoteza rangi mapema.

Kwa hivyo L805 ibaki na kazi ndogo. A2 peleka kwa labu ya picha ya mjini yenye mashine kubwa ya pigmenti, weka faida yako juu, mpaka hizo oda zikuje kila wiki bila kukosa. Kama wateja watakubali A3+, saizi ndogo kuliko A2, tafuta Epson L1800, inatumia chupa za 70 ml vile vile, ingawa nayo ni dai.

SWALI: Nikizima printa kwa soketi kila jioni si naokoa wino wa kusafisha? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana dada, hapo unaumiza hedi. Zima kwa batani ya printa, ngoja hedi irudi kwa kifuniko chake na taa izime kabisa, ndio uguse soketi. Ukikata stima ghafla hedi inaweza kubaki wazi, wino unakauka kwa vitundu, na kesho utasafisha mara mbili ama tatu kabla mstari mmoja utoke sawa. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikirudi tu washa printa halafu uizime vizuri kwa batani, hata kama hauna kazi ingine siku hiyo.