Seva ya gemu ya ngalawa ukiwa Mtwara

Mdogo wangu, umeuliza kama kompyuta ya nyumbani pale Shangani inatosha kuwa seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji wote, ya gemu yako ya mbio za ngalawa, wachezaji 8 kwa mpigo. Usiweke nyumbani. Umeme ukikatika mbio zote zimekufa, na intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya mtandao ya kwako peke yako, kwa hiyo aliye Lindi hataweza hata kuingia. Kodi seva ndogo ya mtandaoni. Za dola 5 hivi kwa mwezi zipo, na kwa mbio moja ya watu 8 inatosha kabisa.

Kinachokula zaidi ni data. Seva ikimtumia kila mchezaji baiti 300 mara 20 kwa sekunde, hiyo ni karibu megabaiti 22 kwa saa, kwenye bando lake! Punguza: tuma kilichobadilika tu, na mara 10 kwa sekunde zinatosha kwa ngalawa.

Halafu umbali. Ukikodi seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani, ujumbe kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 70 hata njia ingenyooka, na hainyooki. Cape Town ni karibu zaidi, jaribu hiyo kwanza. Pima kwa simu ya kawaida, jioni, mtandao ukiwa umeelemewa, maana hapo ndipo wenzako watacheza.

Ungekuwa unatengeneza bao, la zamu kwa zamu, haya ya data na umbali yasingekusumbua.