Kabla hujanunua Ruger Charger: ushauri kwa wenzangu mlioko Marekani

Ndugu zangu kadhaa mnaoanza kulenga shabaha huku Marekani mmeniuliza kuhusu Ruger Charger, ile bastola inayofanana na bunduki iliyokatwa. Ninayo na ninaipenda. Lakini isomeni kwanza sheria yake, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia.

Asili yake ni bunduki ya Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964 na ambayo Wamarekani wengi walijifunzia shabaha wakiwa watoto. Mashine ya ndani ni ileile, risasi ni ileile ndogo ya .22 LR, na magazini ya risasi 10 ya bunduki inaingia bila shida. Tofauti ni mtutu wa inchi 10 na kukosa kitako cha begani. Toleo la mwanzo liliwahi kuondolewa sokoni, kisha likarudi mwishoni mwa 2014 likiwa na mshiko wa mtindo wa AR-15, bunduki maarufu ya Kimarekani, na magazini ya risasi 15. Ipo pia Takedown, ambayo mtutu wake unachomoka na yote ikaenea kwenye begi la mgongoni. Anayeishi kwenye apatimenti na kwenda uwanjani kwa gari, hiyo ndiyo ningemshauri.

Sasa sheria. Kwa kuwa ni bastola, sheria ya shirikisho hairuhusu duka kukuuzia kama hujatimiza miaka 21, hata kama bunduki mama yake unauziwa ukiwa na 18. Na lazima ukabidhiwe ndani ya jimbo unaloishi. Utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia silaha, inayouliza hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye green card anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, vighairi ni vichache, na hata kuikodi uwanjani kunaweza kukuletea kesi na kuharibu makaratasi yako. Ongea na wakili kabla, si baada. Bangi nayo inaulizwa humo: hata kama jimbo lako limeihalalisha, serikali ya shirikisho haijali hilo.

Kosa kubwa ni kitako. Vitako vya 10/22 vimejaa madukani na vinaingia kwenye Charger kirahisi mno. Ukikifunga, umetengeneza bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16, na bila kibali cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, adhabu yake inafika miaka 10 jela. Kodi ya dola 200 ya kibali hicho, iliyowekwa mwaka 1934, imeondolewa tangu Januari 2026, na watu wanadhani kibali nacho kimefutwa. Hakijafutwa! Breisi, kile kishikizo cha kufunga kwenye mkono, mara nyingi ilihesabiwa kama kitako chini ya kanuni ya ATF ya 2023, na mahakama ya Texas ikaitengua kanuni hiyo Juni 2024. Majimbo yana yake: California, bastola ya namna hii, yenye magazini ya kuchomoa iliyo nje ya mshiko, imo kwenye kundi lililopigwa marufuku.

Uwanjani, iweke mezani juu ya miguu yake miwili. Haiji na alama za kulengea, ina reli tu ya kufungia kifaa cha kulengea, kwa hiyo tenga pesa ya kioo chenye nukta nyekundu. Darubini ya bunduki haifai: inataka jicho lisogee karibu, nawe umeishika mbali na uso.

Angalia vidole. Mtutu ni mfupi, na mkono uliozoea kushika bunduki kwa mbele unateleza hadi kwenye mdomo wa mtutu bila wewe kujua. Mimi mkono wa kushoto nauweka nyuma, chini ya mshiko, hautoki hapo.

Jambo la mwisho ni la bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kupakia risasi. Risasi ikiisha, bolti ya Charger hairudi nyuma na kubaki wazi kama ya bastola nyingi. Inafunga. Utasikia tu "ka" ukivuta triga, na kwa macho huwezi kujua kama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu au risasi imegoma kulipuka. Subiri mtutu ukiwa umeelekea shabaha, hesabu hadi thelathini. Kisha chomoa magazini, vuta bolti nyuma, bonyeza kile kiwenzo kidogo mbele ya triga ili ishike, uchungulie chemba na kuingiza ncha ya kidole. Ndipo uiweke mezani na kumwita mwenzako.