Usiiruke swichi ya kikomo
Ndugu, umeuliza kama unaweza kuunga waya moja kwa moja, bila kupitia swichi ya kikomo (inayokata umeme mashine ikifika mwisho wa mwendo wake), ili mashine ya kuvuta nondo iache kujizima. Hapana. Kwa kawaida swichi za kikomo, ya juu na ya chini, pamoja na kitufe cha dharura, hupangwa mfululizo kabla ya koili ya kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota). Waya ukikatika popote, mota inasimama, ndivyo ilivyokusudiwa. Zima umeme, pima kila swichi kwa multimita. Isiyokaribia omu 0 bila kubonyezwa ndiyo mbovu (mara nyingi ni skrubu imelegea tu!). Draivu (kifaa kinachodhibiti mota) usiifungue upesi baada ya kuzima umeme: kwa umeme wa volti 230, kapasita zake (vihifadhi chaji) zinaweza kubaki na volti kama 325 za DC. Subiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko.