Mwanangu, ujaze ujenzi au mazingira?

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliisoma jana usiku nimechoka nikasema ntajibu asubuhi nikiwa na akili. Umeuliza kwenye maombi ya chuo chaguo la kwanza ujaze uhandisi ujenzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au uhandisi mazingira pale Chuo Kikuu Ardhi, afu ukasema wenzako wa PCM, wa fizikia, kemia na hesabu, wanacheka eti mazingira ni uinjinia wa vyoo. Mama yako anataka ujenzi, anaota kukuona kwenye tivii unazindua daraja. Mi nasema jaza mazingira.

Miaka yote hii nashika mwiko hapa Tanga, kazi zangu zilizonitia aibu karibu zote zimeharibiwa na maji. Chukua mchanga wa pwani, ukiutia kwenye zege haujaoshwa ile chumvi inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande, sisi tunaziba na plasta tunaondoka. Lakini hilo angalau fundi analiona. Maji ya chini ya ardhi hatuyaoni kabisa, tunabahatisha tu.

Sasa hili sijawahi kukwambia. Ulikuwa hujaanza shule, nikamjengea mzee mmoja Makorora, kiwanja kidogo, shimo la choo nyuma kisima mbele, katikati hatua kama kumi na mbili hivi. Nilishasikia inatakiwa mita 30 lakini ukipima mita 30 unatokea sebuleni kwa jirani, nikasema aah, udongo utachuja. Masika ikaja, maji ya chini yakapanda, wajukuu wa yule mzee wakaanza kuhara mmoja baada ya mwingine. Akaniita. Nikachota ndoo moja nikainusa, sikusema kitu na yeye hakusema kitu, akanikaribisha chai. Nilijua kabisa maji ya ile chai yametoka wapi, nikanywa kikombe chote, ningekataaje?

Kisima tukakifukia kwa hela yangu. Ila mpaka leo sijui ningechimba wapi, kwasababu kujua maji yanaelekea wapi huko chini, udongo upi unachuja na upi unapitisha tu, hiyo siyo kazi ya kamba na pima maji, kile kifaa chetu cha kunyooshea ukuta, ndo hiyo wanayofundisha Ardhi.

Halafu hao wanaocheka, si we mwenyewe ulinisimulia mto Thames wa London ulivyonuka 1858 hadi wabunge wakashindwa kukaa, ndo wakampitishia injinia Bazalgette hela ajenge mifereji ya majitaka? Basi huyo ndo injinia wa vyoo. Na hapa kwetu bomba tunalofungua linatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, mtu akilima kwenye kingo kule juu Amani tope linashuka kwetu. Nani anashughulika na hilo, mjenga daraja?

Kuhusu ajira sikudanganyi, kibarua kigumu kote. Zote miaka 4, zote hesabu utalia nazo, na Bodi ya Wahandisi inasajili wote. Ujenzi weka chaguo la pili, mama yako nae asinune.

Hela ya maombi ntakutumia kesho jioni, kuna plasta Duga namalizia, tajiri kaahidi kulipa. Asipolipa ntakopa kwa baba yako mdogo, we usisubiri dirisha lifungwe.