Kigumba hunolewa, huchongwa au hutiwa makali?

Msomaji wetu wa Kigamboni ametuandikia hivi: «Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maelezo ya kuchagua na kunoa vichwa vikubwa na vipana vya mishale, kwa ajili ya watu wanaowinda kwa upinde wa jadi. Nimeandika sentensi hii: ‹Chagua kichwa cha mshale chenye chembe 200, chenye makali pande mbili, kilichochongwa upande mmoja.› Mwenzangu ofisini ameisoma mara tatu na kusema haieleweki. Je, kosa liko wapi?»

Marahaba, ndugu msomaji. Mwenzako ana haki, ingawa huna kosa la sarufi, kwa kuwa viambishi vyako vyote vimekaa mahali pake. Shida ni kwamba umetumia maneno matatu, yaani chembe, upande na kuchonga, ambayo kila moja lina maana zaidi ya moja, na katika kila moja msomaji ataishika ile usiyoikusudia.

Nianze na «kichwa cha mshale», ambacho si kosa. Kiswahili kimekwisha kutoa vichwa kwa treni na kwa habari za magazeti, na mshale nao unaweza kupewa chake bila mtu kulalamika. Hata hivyo, anayewaandikia wawindaji ni vizuri atumie msamiati wa uwindaji, na msamiati huo tunao. Uti wa mshale ni wano, kamba ya upinde ni upote, mfuko wa kubebea mishale ni podo, na kile chuma kinachotiwa mbele ya wano ni kigumba, au chembe. Mshale ulioandaliwa kwa mnyama mkubwa huwa na kigumba kipana. Ningekushauri uliweke mbele neno «kipana» kabla ya «kikubwa», kwa sababu kigumba kinaweza kuwa kirefu na kizito, kikaitwa kikubwa, na bado kikawa chembamba kama msumari.

Kuhusu chembe, ninakiri kwamba ningependa sana neno hilo liendelee kutumika. Lipange pamoja na wembe na jembe, uone jinsi umbo -embe linavyojirudia katika yote matatu, mara kwa u-, mara kwa ji-, mara kwa ki-. Jembe hukata ardhi, wembe hukata nywele, na chembe, ukilitazama kwa jicho hilo, ni kijiwembe kinachosafiri angani. Kwa maana hiyo neno hili hufuata ngeli ya KI-VI, nasi husema chembe cha mshale, vyembe vya mishale. Ile chembe nyingine, ya mchele au ya mchanga, hufuata ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo upatanisho wa kisarufi ungetosha kuzitenganisha chembe hizi mbili, lau si jambo moja la fani yenyewe.

Jambo hilo ni kwamba watengenezaji wa vigumba wa Marekani na Uingereza hupima uzito wake kwa kipimo chao cha kale kilichotokana na punje ya nafaka, ambacho ni sawa na takribani gramu 0.065. Wewe ulikifasiri kipimo hicho kuwa «chembe», na kwa asili yake hukukosea hata kidogo. Lakini angalia matokeo yake: «chembe chenye chembe 200». Msomaji wa kawaida atadhani kwamba kigumba hicho kimetengenezwa kwa vipande 200, au kwamba mwandishi amejikwaa. Toka kwenye mtego huo kwa kutumia gramu. Kigumba cha 125 katika kipimo chao kina takribani gramu 8, cha 200 kina takribani gramu 13, na cha 300, ambacho ni kizito sana, hukaribia gramu 19 na nusu. Ukilazimika kukitaja kipimo chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachochapishwa kwenye pakiti, kiite «greini», ukieleze mara moja mwanzoni, na kigumba ukiite kigumba hadi mwisho wa maelezo yako.

Nguvu ya upinde nayo, ambayo bila shaka utaitaja kwa kuwa ndiyo inayoamua upana wa kigumba, usiiite «uzito wa upinde», maana hapo anayesoma ataipeleka mizani kwenye mti badala ya kwenye upote. Sema «nguvu ya kuvuta», kisha utaje ratili au kilo. Upinde wa ratili 40 hadi 50, yaani takribani kilo 18 hadi 23, hauna nguvu ya kupoteza, na kigumba kipana kupita kiasi huishiwa mwendo mapema ndani ya nyama. Kwa upinde wa namna hiyo bamba moja lenye upana wa wastani hupenya vizuri zaidi kuliko kigumba cha nyembe tatu. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria huweka upana usiopungua milimita 22 hivi, na vile vinavyoitwa vikubwa hufika milimita 38.

Sasa nije kwenye kitenzi. Kuchonga ni kuondoa vipande vya kitu ili kukipa umbo au ncha. Mti huchongwa, kinyago huchongwa, na penseli huchongwa kwa kichongeo. Kunoa ni kusugua chuma juu ya jiwe au tupa ili kipate makali. Kufua ni kukipiga chuma kwa nyundo, na si ajabu kwamba nguo nazo hufuliwa, kwa kuwa zamani zilipigwa juu ya jiwe. Vitenzi hivi vitatu utavikuta vimekaa pamoja katika podo la mwindaji wa Kihadza, kule pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Mshale wake wa ndege na wanyama wadogo huwa ni mti mtupu uliochongwa ncha. Kigumba chake cha chuma huanza safari kikiwa msumari, ambao hufuliwa ukiwa baridi, bila moto wa mhunzi, hadi ulale kama jani, kisha hunolewa. Ukiandika kwamba kigumba cha chuma «kimechongwa upande mmoja», fundi atakuelewa kuwa kimekatwa kipande upande huo, na atakuuliza kwa nini unauza kigumba kibovu.

«Kutia makali» ni sahihi pia, lakini kuna tofauti ndogo ambayo waandishi wengi huipuuza. Kunoa ni kazi, na kutia makali ni matokeo. Mtu anaweza kunoa kutwa nzima asitie makali, na jambo hilo linawezekana kabisa kwa mwindaji mgeni ambaye kila mpigo wa tupa huubadilishia pembe.

Fundo kubwa zaidi la sentensi yako limo katika «upande», nami nitakaa hapo kidogo. Umeandika kwamba kigumba kina makali pande mbili, kisha kwamba kimenolewa (tuseme hivyo) upande mmoja. Kwa masikio ya Kiswahili kauli hizi mbili zinapingana, kwani kitu kilichonolewa upande mmoja kitapataje makali pande mbili? Wewe ulikusudia pande za aina mbili. Za kwanza ni kingo, yaani kushoto na kulia kwa bamba. Za pili ni nyuso zake, yaani juu na chini unapolilaza mezani, na uso wa namna hiyo Kiswahili huuita bapa, kama mtu asemavyo kwamba alipigwa kwa bapa la panga na si kwa makali yake.

Kwa kingo tunayo kauli kongwe na nzuri. Wasomaji wa Biblia wanaukumbuka upanga «ukatao kuwili» katika Waraka kwa Waebrania, na «makali kuwili» ndiyo hali ya kigumba cha bamba moja. Waingereza hukihesabu kuwa na nyembe mbili, lakini mpelekee fundi wa vyuma wa Gerezani umsikilize. Atakwambia hili ni bamba moja lenye makali kuwili, na kwa macho ya Kiswahili atakuwa amesema kweli. Nyembe tatu zihifadhi kwa ajili ya kile kigumba ambacho bamba zake tatu hutawanyika kuzunguka tundu la wano. Hicho kina urahisi wake, kwa kuwa hulazwa juu ya tupa pana na makali mawili yakanoleka kwa mkupuo mmoja.

Kwa nyuso, chukua mfano wa karakana ya seremala, ambao mtu wa Keko au Buguruni ataushika bila kuelezwa. Shoka hunolewa mabapa yote mawili, na makali yake hukaa katikati. Patasi na tezo hunolewa bapa moja tu kwa mshazari, na bapa la pili huachwa limenyooka. Vigumba viko vya namna zote mbili, nami naona hakuna ubaya kuviita vigumba vya mnoo wa shoka na vya mnoo wa patasi. Katika vile vya mnoo wa patasi, ukingo wa kulia hunolewa kwenye bapa moja na ukingo wa kushoto kwenye bapa la pili, na kwa sababu ya kupishana huko kigumba hujizungusha kinapoingia mwilini. Ndiyo maana wapiga upinde makini huhakikisha kwamba manyoya ya mshale nayo yanauzungusha kuelekea huko huko. Mshazari wenyewe kwa kawaida huwa wa nyuzi 25 hivi. Andika «mshazari» bila woga, maana mteremko ni wa kilima.

Umeniuliza kuhusu sentensi moja, lakini katika maelezo uliyoyaambatanisha nimeona umeandika mara nyingi kwamba kigumba «hutoboa» mnyama. Hapa lugha na maarifa ya uwindaji vinakwenda bega kwa bega. Sindano huchoma, msumari hutoboa, lakini kigumba kipana kazi yake ni kukata. Mnyama hufa upesi kwa sababu mishipa imekatwa na damu imetoka, na wala si kwa kishindo cha mshale. Chuma butu huusukuma mshipa kando, na mnyama akatokomea porini na jeraha lake. Kwa hiyo ncha na makali usivichanganye, kwa kuwa kigumba kinaweza kuwa na ncha ya kuchoma kidole na kingo zisizokata hata uzi. Wazee wana kitenzi kizuri kwa hali hiyo, ambacho vijana wa mjini wanakisahau, nacho ni kupata. Kisu kisichokata «hakipati», na ndiyo maana ya methali isemayo «Kinolewacho hupata», ambayo wengi siku hizi huifasiri kana kwamba inazungumzia kujipatia mali. Pale ulipoandika «kama kigumba hakina ukali wa kutosha», andika tu «kama kigumba hakipati».

Katika hatua za kunoa lugha yako ni safi, nami nina marekebisho machache tu. Tupa hutangulia, kinoo hufuata, na ngozi humalizia kama vinyozi wa zamani walivyofanya kwa nyembe zao. Ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili wakati wa kunoa usiuite «uchafu», kwa sababu msomaji ataufuta kwa kitambaa. Ueleze kwa urefu kama nilivyoueleza hapa, na useme kwamba huondolewa kwa kupitisha kigumba kwenye kinoo kwa wepesi, kisha kwenye ngozi. «Tupa» nayo iangalie inapokaa kando ya kitenzi cha kutupa. Umeandika «Tupa ya zamani tupa», na ingawa sentensi hiyo ni sahihi, imenichekesha.

Sentensi yako basi iwe hivi: «Chagua kigumba kipana chenye uzito wa gramu 13, chenye makali kuwili, ambacho kila ukingo wake umenolewa bapa moja tu, kama patasi.» Imerefuka kidogo, lakini mwenzako ataisoma mara moja.

Limebaki moja. Juu ya orodha ya mambo ya kukaguliwa kabla ya kuingia porini umeweka kichwa kisemacho «Umenoa?» Hapa Dar es Salaam, mtu akijibu swali vibaya au mshambuliaji akipaisha mpira mbele ya goli tupu, watu humwambia «umenoa», wakimaanisha kwamba amekosea. Mwindaji atakayefungua ukurasa wako na kukutana na neno hilo atadhani umemhukumu kabla hajafyatua hata mshale mmoja. Ongeza kiambishi cha yambwa, uandike «Umekinoa?», na swali litarudi kwenye kigumba.