Maswali yenu ya mwani: picha ya simu si sampuli

Nimekutumia picha ya maji ya kijani hapa Nguba, Bukavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Ni mwani gani?

Sijui, na mtu akikwambia anajua kwa kuangalia ile picha tu, anakudanganya. Hii wiki peke yake nimepata picha sita za namna hiyo! Nyuzi zinazoteleza mkononi zinaweza kuwa Spirogyra, zinaweza kuwa kingine, mpaka uone ndani ya seli ile kijani imejizungusha kama springi, na hiyo inaonekana kwa mikroskopi, si kwa simu. Leta maji kwenye chupa, pamoja na karatasi imeandikwa pahali, tarehe, saa na kina. Andika na kalamu ya risasi, juu marka inafutika.

Lugoli, ile dawa ya iodini ya kuhifadhi sampuli, naweka kiasi gani?

Mpaka maji yafanane na chai ya rangi isiyokolea. Chupa ikae gizani, na rangi ikianza kupauka uongeze.

Nimemaliza biolojia hapa Bukavu, nataka kujitegemea na kazi hii ya kutambua mwani. Nianzie wapi, na nilipishe ngapi?

Mdogo wangu, usianze na fakitire (ankara). Chagua kundi moja kwanza, mimi nilianza na diatomu, mwani wa seli moja, juu ganda lake ni la kioo na halifichi kitu: unachemsha sampuli na peroksidi mpaka uchafu wote uishe, unasafisha na maji mara nyingi, unakausha tone kwenye kioo chembamba, unakibandika kwenye slaidi, halafu unakaa na lenzi ya mafuta unahesabu maganda kama 400 hivi, na mistari ya kila moja. Mgongo utauma. Kwenye Kivu ujue pia majira, maana wakati wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, maji ya juu yanapoa na upepo unayachanganya, mbolea inapanda kutoka chini na diatomu kama Nitzschia zinaongezeka, kwa hiyo mtu anayechota mara moja mwezi wa tatu halafu anaandika "mwani wa Ziwa Kivu" anaharibu kazi yetu sisi wote. Na usinakili majina kutoka vitabu vya Ulaya! Kuandika "Nitzschia sp.", yaani jenasi tu bila spishi, si aibu, aibu ni kutaja spishi usiyoiona.

Bei ni kwa sampuli, si kwa siku, na nusu inatangulia. Kuko kliyenti aliniletea chupa kumi na mbili bila lugoli, bila tarehe, zimeshinda juani ndani ya gari. Nilifungua ya kwanza, harufu ya yai bovu ikajaa chumba, na chini ya lenzi ni maganda matupu na bakteria tu. Akakataa kulipa, eti orodha ni fupi. Tangu siku hiyo kila chupa inafunguliwa mbele ya mwenyewe, tunanusa wote wawili, na anatia saini.

Maji yenye utando wa kijani nikichemsha si yanakuwa salama?

Hapana, hapana! Kuchemsha kunaua kolera, lakini sumu ya Microcystis, moja ya sianobakteria (bakteria za kijani tunazozihesabu pamoja na mwani), inavumilia moto, na seli zikipasuka zinaimwaga yote ndani ya sufuria yako. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku, na jicho halipimi hiyo. Mama anayechota na bidoni pale upepo unaposukuma utando ahame aende pahali pengine, watoto wasioge pale, mbwa asinywe. Na nyinyi wenzangu wa mikroskopi, lenzi inaonyesha mwani, haionyeshi sumu, sumu inapimwa kwa kemia, basi acheni kuandika "maji salama" kwenye ripoti.

Sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wanakula mwani?

Zaidi wanakula wadudu wadogo wa majini, na hao njo wanakula mwani. Sambaza mwenyewe ni mgeni Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kliyenti anataka nipunguze hesabu ya sianobakteria kwenye ripoti. Nifanye nini?

Mrudishie avansi yake leo. Chupa usimpe, iongeze lugoli, ifungie kabatini na lebo yake, na daftari la hesabu ulipige picha kila ukurasa kabla hajarudi na mtu mwingine.