Jikoni na Wasomaji: Kitabu Kimesema Hivi, Sufuria Imesema Vingine

Barua za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja. Mtu amepata kitabu cha mapishi ya mimea tupu, yaani bila nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Amefuata maelekezo neno kwa neno, na chakula kimemgomea. Vingi vya vitabu hivi vimeandikiwa jiko la Marekani au Uingereza, lenye makopo, oveni na vikorombwezo ambavyo dukani kwa Mangi hutavikuta. Tumechagua maswali saba.

Nimetumiwa kitabu kutoka Nairobi. Pishi la mchuzi wa ndengu linasema zichemshwe dakika 40 bila kulowekwa. Zangu zimechemka saa moja na nusu, mkaa umekwisha, bado zinagonga meno. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

Umekosea sokoni, si jikoni. Ndengu ya Kenya ndiyo choroko yetu, ile punje ndogo ya kijani. Wewe bila shaka umenunua dengu, punje nene yenye mikunjo na kidomo kama cha kifaranga. Choroko haihitaji kulowekwa na inaiva kwa dakika 30 hadi 45. Dengu inataka kulala kwenye maji saa 8 hadi 12, kisha ichemke saa 1 hadi 1½, au dakika 15 hadi 20 kwenye presha kuka tangu ianze kulia. Ukikuta kamande kwenye kitabu hichohicho, hizo ni adesi za watu wa Pwani. Afadhali unga wa dengu ni uleule huku na kule, kwa hiyo bajia ziko salama.

Kama umeloweka na bado ni ngumu, kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni uzee: jamii yote ya kunde ikikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, inakuwa sugu na maji hayaingii vizuri. Ya pili ni ukali. Nyanya, ndimu na ukwaju vikitangulia, ganda hukaza. Subiri mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili ndipo utie nyanya. Robo kijiko cha chai cha beking soda kwa nusu kilo inasaidia kulainisha, ila ukizidisha utapata mchuzi wenye ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea.

Kwa maharage mekundu kuna la zaidi. Mwaga maji uliyolowekea, tia mapya, na yachemke kwa nguvu, yale mabubujiko hasa, si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto. Maharage mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo wa kuyaacha yatokote polepole kutwa nzima hauiondoi.

Kitabu kinasema "kopo 1 la maharage, vikombe 2 vya unga, moto 350". Oveni yangu inaishia 250! (Msomaji, Morogoro)

Hiyo 350 ni Fahrenheit, usiitafute kwenye oveni yako. Ni sawa na 180 ya Selsiasi. 400 ni 200, na 425 ni 220.

Kopo la gramu 400 likichujwa linatoa takriban gramu 240 za maharage, ambazo ni vikombe 1½ vilivyokwisha kupikwa. Kuyapata, chemsha gramu 100 hadi 120 za maharage makavu. Chemsha kilo nzima siku moja, gawa kwenye vifuko vya kikombe kimoja na nusu, weka kwenye friza. Kila kifuko ni "kopo" lako.

Kikombe cha Marekani ni mililita 237. Chupa ya maji ya nusu lita ukiigawa sawasawa kwenye vikombe viwili inakupa 250 kila kimoja, tofauti ambayo kwenye mchuzi hata hutaiona. Unga ndio wenye visa. Ukichota kwa kuchovya kikombe ndani ya mfuko, unga unajishindilia na unaweza kufika gramu 150. Ukiujaza kwa kijiko na kusawazisha juu kwa kisu, ni gramu 120 hadi 125. Kwa vikombe viwili tofauti inaweza kufika gramu 50 au zaidi, na ndiyo inayokupa keki kavu inayomomonyoka. Mzani mdogo wa jikoni unamaliza ubishi huo.

Pishi la mchuzi wa "jibini" wa korosho linataka vijiko 3 vya hamira ya lishe. Nimetia hamira ya maandazi. Mchuzi ni mchungu na tumbo limejaa gesi. (Msomaji, Dodoma)

Pole. Hamira ya lishe ni hamira iliyouawa kwa joto na kukaushwa kuwa vipande vya njano, kazi yake ni kuleta ladha, si kuumua. Hamira ya maandazi iko hai. Ndugu wa ukoo mmoja, lakini hawabadilishani kazi.

Kama huipati, iache. Saga kikombe 1 cha korosho zilizobanguliwa na zisizokaangwa, ulizozichemsha dakika 15, pamoja na maji robo tatu kikombe, kijiko 1 cha chakula cha maji ya ndimu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, punje moja ya kitunguu saumu na vijiko 2 vya chakula vya ufuta uliokaangwa mpaka ukanukia. Ufuta unaleta ule uzito wa ladha uliokuwa unautafuta. Korosho zilizokaangwa hazifai hapa: hazilainiki vizuri na mchuzi unabaki wa chengachenga. Na usishangae ukiupasha moto ukawa mzito ghafla. Korosho zina wanga, unavimba kama uji. Ongeza maji kidogo kidogo, koroga, basi.

Keki ya mayai manne nimeitilia ndizi nne badala yake, kama kitabu kinavyosema: ndizi kwa yai. Imetoka nzito, katikati bichi. (Msomaji, Arusha)

Kitabu hakikukudanganya, ila hakikumaliza maneno. Yai kwenye keki lina kazi tatu: linashikamanisha, linaleta unyevu, na likipigwa linabeba hewa. Ndizi inafanya mbili za kwanza tu. Ukiondoa yai moja au mawili, beking pauda inaziba pengo. Ukiondoa manne, hakuna anayenyanyua keki. Tena kipimo chenyewe si "ndizi moja", ni robo kikombe cha ndizi iliyopondwa. Ndizi moja kubwa ya dukani inatosha kabisa na kuzidi. Kisukari utahitaji mbili au tatu. Ndizi nne kubwa ni karibu maradufu ya ulichotakiwa kutia, na maji yote hayo ndiyo yaliyobaki katikati.

Mbadala mwingine kwa yai moja ni kijiko 1 cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa, au chia, na vijiko 3 vya maji. Viache dakika 10 hadi 15 mpaka viteleze kama ute. Kitani kisichosagwa hakifai, kinapita tu kama kilivyo. Kuna pia maji yaliyochemshia dengu, vijiko 3 kwa yai moja. Haya yakipigwa kwa mashine yanaumuka kama ute wa yai. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 2014. Maji ya dengu zako za nyumbani huwa mepesi mno, kwa hiyo yachemshe bila mfuniko mpaka yateleze kidoleni, yapoze kwenye friji, kisha piga dakika 5 hadi 10 katika bakuli lisilo na chembe ya mafuta. Mafuta yakigusa, povu halisimami.

Kwa keki ya mayai mengi, ushauri wetu ni huu: usiibadilishe, tafuta ile iliyozaliwa bila yai. Changanya unga wa ngano vikombe 1½, sukari kikombe 1 (unaweza kupunguza kidogo), kakao vijiko 3 vya chakula, beking soda kijiko 1 cha chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Pembeni changanya maji kikombe 1, mafuta ya kula theluthi ya kikombe, vanila kijiko 1 cha chai na siki kijiko 1 cha chakula. Oveni iwe tayari kwa 180 na chombo cha sentimita 20 kimepakwa mafuta kabla hujakutanisha vya maji na vikavu, kwa sababu siki ikigusa soda mapovu yanaanza papo hapo, na ukizubaa yanaishia kwenye bakuli. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, uache. Ukiendelea kupiga, keki inakuwa na utafunaji wa chapati. Dakika 30 hadi 35.

Kwa wanaooka kwa mkaa: moto mwingi juu ya mfuniko, kidogo chini, na usifunue kabla ya dakika 25.

Nimejaribu kutengeneza tofu, ile jibini ya soya, kwa unga wa soya wa dukani. Nimetia ndimu, nimesubiri, haigandi, imebaki uji. (Msomaji, Kigoma)

Wala haitaganda. Unga wa soya wa uji unatokana na soya iliyokaangwa. Protini yake imekwisha kukazwa na moto, haiyeyuki tena kwenye maji, na tofu ni ile protini iliyoyeyuka ikikusanywa upya. Anza na soya nzima, mbichi, kavu.

Loweka gramu 250 usiku kucha. Asubuhi punje ikipasuliwa iwe na rangi moja mpaka katikati, bila kiini cha njano iliyokoza. Saga kwa blenda mara mbili au tatu na jumla ya lita 1½ ya maji. Maji ya moto yanapunguza ile harufu ya maharage mabichi. Chuja kwa kitambaa, kamua kwa nguvu. Makapi usitupe, yanafaa kwenye kababu na chapati.

Sasa simama karibu na jiko. Maziwa ya soya yanaumuka kama ya ng'ombe, ila yanaumuka kabla ya kuchemka kweli. Povu likipanda unafikiri tayari, kumbe chini bado. Tumia sufuria yenye ukubwa maradufu, koroga chini yasishike, punguza moto povu likipanda, na yachemke kikweli dakika 10. Soya isiyoiva inazuia mwili kusaga protini na inasumbua tumbo.

Epua, ngoja dakika tano. Changanya vijiko 4 vya chakula vya maji ya ndimu na nusu kikombe cha maji. Mimina theluthi, zungusha mwiko mara moja, mimina theluthi nyingine, zungusha taratibu, kisha iliyobaki, funika dakika 10. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakoroga kama ugali na kuvunja mabonge yakiwa bado machanga. Ukifunua, utaona mabonge yamejitenga na maji ya njano yanayopitisha mwanga. Yakiwa bado meupe kama maziwa, rudisha kwenye moto mdogo na uongeze kijiko kimoja cha ndimu. Chota mabonge uweke kwenye chujio lenye kitambaa, kunja, weka sahani na kopo la kilo moja juu yake kwa nusu saa. Ikae kwenye maji ndani ya friji, maji yabadilishwe kila siku, iliwe ndani ya siku tatu au nne. Kabla ya kukaanga ikaushe kwa kitambaa, la sivyo mafuta yatakurukia.

Nikiacha kabisa vya wanyama, mchicha na maharage vinatosha? (Msomaji, Tanga)

Kwa mengi, ukila mchanganyiko mzuri, ndiyo. Kwa vitamini B12, hapana. Hakuna mmea wa kuutegemea kwa hiyo, na upungufu wake unaharibu damu na mishipa ya fahamu polepole, bila kupiga hodi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Tafuta vyakula vilivyoongezewa au kidonge, na kama ni mjamzito au unanyonyesha zungumza na mhudumu wa afya kwanza. Kwa madini ya chuma, kamulia ndimu kwenye maharage na mboga mezani, na chai ya rangi isogee saa moja mbali na chakula.

Kila nikipika kunde za nazi kwa kufuata kitabu, tui linakatika. (Msomaji, Ruangwa)

Kitabu kimekwambia utie kopo lote mwanzo. Tui la kopo mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikilia. La nyumbani, la kukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, halina. Nazi mbili za wastani kwa kikombe 1½ cha maji ya uvuguvugu zinakupa takriban mililita 400 za tui zito, sawa na kopo. Rudishia maji machicha upate tui jepesi.

Kunde ziivie kwenye tui jepesi. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo na bila mfuniko, na upawa usitulie mpaka lianze kutokota kidogo pembeni. Dakika tano, epua. Ndimu au ukwaju utie baada ya kuepua. Likichemka kwa nguvu mafuta yanajitenga, na ndivyo mafuta ya nazi yanavyopikwa majumbani, kwa hiyo usilaumu nazi. Mahamri na mbaazi za nazi za Mombasa na Lamu kwa kawaida hazina cha mnyama ndani yake, na zimekuwepo kabla ya hicho kitabu.

Likishakatika, epua, ongeza vijiko vitatu vya tui zito lililopoa ukikoroga. Lisiporudi, changanya kijiko cha chai cha unga wa mchele na maji kidogo, mimina, rudisha motoni dakika mbili.